Kuipa shingo ya gitaa la umeme sura ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa naongelea zaidi shingo za mepo (mti wa maple) zinazofungwa kwa skrubu nne, zile za magitaa ya Fender aina ya Stratocaster na Telecaster, manake ndo rahisi kufungua na ndo watu wengi wanazichezea. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kazi nyingi zinazotoka vibaya zimeharibika kwa kuzidisha, rangi imezidi, laka imezidi, mikwaruzo imezidi. Majibu karibu yote humu chini yanaelekea huko huko.

Kwani shingo za zamani zilifikaje kuwa na ile rangi?

Miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 Fender na Gibson walikuwa wanapaka laka ya nitroselulosi, watu wanaita tu nitro, ni laka ile ile iliyokuwa imeshazoeleka kwenye magari na fanicha. Nitro inakauka kwa thina kuruka hewani, inabaki nyembamba, afu miaka inavyoenda inageuka njano kwa mwanga na hewa, na kwa sababu ni laini inalika pale mkono unapopita. Sa chukua mti mweupe kama mepo, weka juu yake kitu kinachogeuka njano na kinachoisha taratibu, unapata ile asali yenye mabaka ya kijivu. Mwishoni mwa miaka ya 60 Fender wakaanza kuhamia kwenye poliesta, ngumu na nene, na hiyo haizeeki kwa namna ile hata uipige miaka mingapi.

Na ndo maana ukitaka kuiga lazima uelewe kuna vitu viwili tofauti, kuna rangi na kuna kuchakaa. Mtu anaweza kutaka rangi tu bila kuchakaa na ni sawa kabisa, tena mara nyingi inapendeza zaidi.

Gitaa langu ni la zamani kweli, la miaka hiyo hiyo. Niipake upya shingo?

Usiguse. Gitaa la zamani likipakwa upya thamani inashuka sana hata kama kazi imetoka safi, na shingo ndo mbaya zaidi manake kwenye kichwa kuna stika ya asili na kwenye kisigino, ile ncha ya shingo inayoingia kwenye bodi, mara nyingi kuna tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kupigwa muhuri. Ukipitisha msasa pale umefuta cheti cha kuzaliwa cha gitaa. Fanya haya mambo kwenye gitaa la kawaida au shingo ya kununua mbichi.

Nitajuaje shingo yangu imepakwa nini sasa hivi?

Fungua shingo, tafuta sehemu iliyojificha yenye finishi, pembeni ya kisigino hivi ndani ya lile shimo la bodi. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, gusa kidogo tu, subiri sekunde chache. Ikinata na kulainika ni nitro. Kama haina habari kabisa ni poli, poliurethani au poliesta. Shelaki, finishi ya asili inayotokana na utomvu wa wadudu, yenyewe inalainika hata kwa spiriti ya kawaida. Shingo nyingi za kiwandani za siku hizi ni poli, za bei ya chini mpaka za kati karibu zote, kwahiyo usishangae.

Kuna nyingine hata asetoni huhitaji: ukiona mbao ni kavu kabisa haing'ai na ukidondosha tone la maji linazama na kuacha doa, hiyo imepakwa mafuta kidogo au haijapakwa kitu.

Lazima niondoe finishi yote mpaka kwenye mbao?

Hapa ndo watu wanajitesa bure. Jibu fupi ni hapana, na kwa shingo ya poli mimi nakushauri usiondoe kabisa kama unachotaka ni rangi tu. Poli iliyopo tayari imeziba mbao vizuri, inakupa msingi ulionyooka, unachofanya ni kuikwaruza sawasawa kwa msasa namba 400 mpaka 600 ili mng'ao wote uondoke, usiache hata kidoa kinachong'aa manake pale laka mpya haitashika, unafuta vumbi, unafuta na nafta (kimiminika chepesi cha petroli cha kusafishia) kutoa mafuta ya mikono, afu unapuliza laka yenye rangi juu yake. Nitro haiyeyuki kuingia kwenye poli kama inavyoyeyuka kuingia kwenye nitro mwenzake, inashika kwa ile mikwaruzo tu, kwahiyo huo ukwaruzaji ndo kazi yenyewe.

Kuondoa yote kuna maana kama unataka mgongo wa shingo uwe mtupu mkono uguse mbao, au kama unataka uchakavu wa kweli unaofika mpaka kwenye mti. Poliesta nene inasumbua. Hiti gan, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, inaiondoa kwa vipande lakini kwenye shingo naiogopa, joto linaweza kulegeza gundi ya fretibodi (ubao wa mbele wenye freti), linayeyusha nukta za plastiki, na ukikaa sehemu moja sana mbao inaungua. Dawa za kuchubua rangi nazo zinakula plastiki, nukta, baindingi (ukanda wa pembeni) na nati ya nyuzi (kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa) kama ni ya plastiki. Njia ninayoiamini ni kikwangulio cha bapa la chuma kilichonolewa vizuri, unavuta taratibu kufuata mstari wa mbao, finishi inatoka kama unga mweupe na vipande vyembamba, na pale unga unapobadilika kuwa nyuzi nyuzi za rangi ya krimu ujue umeshafika kwenye mepo, acha. Unamalizia kwa msasa 220 afu 320. Usitumie mashine ya msasa kwenye mgongo wa shingo, itakubadilishia umbo na mkono wako utaona tofauti kabla ya jicho.

Nifungue vitu gani kabla ya kuanza?

Nyuzi zote, funguo za kutyunia, vile vibati vya kushikilia nyuzi kichwani, na shingo yenyewe itoke kwenye bodi. Nati ya nyuzi kama imeshika vizuri iache, funika kwa masking tepu, kuing'oa kunaweza kubeba kipande cha mbao. Tras rodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, ilegeze kidogo manake nyuzi zikitoka hamna kinachoivuta upande wa pili. Skrubu za funguo ni ndogo na zinakatika kirahisi, tumia bisibisi ya saizi yake.

Funika kisigino chote kwa tepu. Laka ikiongezeka pembeni ya kisigino shingo haitaingia kwenye bodi, ukiilazimisha bodi inapasuka rangi kwenye kona.

Nitro, poli, mafuta au shelaki, nichukue ipi?

Kama unataka sura ya miaka ya 50 na mng'ao wake, nitro. Hakuna kingine kinachochakaa vile, na kila mkono (yaani tabaka moja la laka) unayeyuka kuungana na wa chini yake, kwahiyo ukikosea sehemu unaweza kurekebisha bila kuacha mpaka.

Mafuta kama Tru-Oil au ya tung ni kwa mtu anayetaka mgongo unaoteleza, hana sehemu ya kupulizia na hana haraka. Tru-Oil ilitengenezwa kwa ajili ya vitako vya bunduki, unapaka kwa kitambaa au kidole, nyembamba kabisa, unaacha ikauke masaa kadhaa, unasugua kidogo, unarudia. Yenyewe ina urangi wa kahawia kidogo unaopendeza kwenye mepo, ila ile asali nzito huwezi kuifikia kwa mafuta peke yake.

Shelaki ya rangi ya ambari ni siri ambayo watu hawaitumii vya kutosha. Inapakwa kwa kitambaa, inakauka haraka, inatoa ujoto mzuri sana, na unaweza kuweka nitro juu yake bila shida alimradi iwe imetolewa nta. Yenye nta inaleta matatizo ya kushikana. Kwa mtu ambaye hajawahi kupuliza rangi maishani, shelaki ya ambari chini na nitro isiyo na rangi juu ni njia salama kuliko kupuliza laka yenye rangi.

Poli ya kopo acha, kama ungetaka poli ungebaki na ile ya kiwandani.

Ile rangi ya njano naipataje bila shingo kuwa ya chungwa?

Hili swali lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa idadi ya walioumia.

Kwanza usipake rangi moja kwa moja kwenye mepo. Mepo inakunywa rangi bila mpangilio, sehemu moja inameza nyingine inakataa, unapata madoa madoa. Rangi iwe ndani ya laka, ikae juu ya mbao kama kioo chenye rangi. Kama mbao iko tupu anza na mikono miwili mitatu ya laka isiyo na rangi kuziba, ndo uje na yenye rangi.

Pili, makopo mengi ya laka ya ambari yana rangi kali kuliko unavyodhani. Mkono wa kwanza utaona kama hamna kitu, wa pili bado, wa tatu unaanza kufurahi, wa nne umeshapita. Puliza kwenye kipande cha mepo au kadibodi nyeupe kwanza, hesabu mikono, peleka nje uangalie kwa mwanga wa jua. Taa za ndani za njano zinadanganya vibaya, unaona shingo iko sawa usiku, asubuhi unakuta imekuwa ya chungwa. Simamia pale unapoona bado kidogo, manake mikono isiyo na rangi itakayokuja juu inaizidisha kina, na nitro yenyewe itaendelea kugeuka njano miaka ijayo. Shingo za zamani halisi, nyingi, ziko nyepesi kuliko zile za kuigiza. Ukichanganya mwenyewe, weka njano na kahawia kidogo, nyekundu iwe kama hamna, nyekundu ndo inaleta uchungwa.

Tatu, na hii iandike pembeni: mikono yenye rangi haipigwi msasa. Ukitoboa rangi kwenye ukingo unapata mstari mweupe na haufichiki kirahisi. Ukishamaliza rangi, weka isiyo na rangi mikono minne au zaidi, msasa uje kwenye hiyo.

Napulizaje bila michirizi?

Ning'iniza shingo kwa waya kwenye tundu la ufunguo wa kutyunia. Kopo liwe kwenye joto la kawaida la chumba, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, anza kupuliza kabla hujafika kwenye shingo na uachie ukishaipita, usisimame katikati. Mkono mwembamba, sio wa kulowesha. Acha saa moja au mbili kati ya mkono na mkono, mitatu kwa siku inatosha. Ukipata mchirizi usiufute ukiwa mbichi, uache ukauke kabisa ndo uusawazishe kwa msasa.

Laka imekuwa nyeupe kama ukungu, nimeharibu?

Hapana, ni unyevu wa hewa umenaswa ndani. Inatokea siku ya mvua au hewa nzito, unyevu ukipita asilimia 65 au 70 hivi ni bora usipulize. Mara nyingi mkono mwembamba wa laka siku kavu, au thina ya kuchelewesha ukauke, unaifungua tena na ukungu unaondoka wenyewe.

Fretibodi yangu ni ya mepo. Nipulize juu ya freti?

Ndiyo, na ndo walivyofanya kiwandani, freti zilikuwa zimeshapigwa ndo laka ikaja juu ya kila kitu. Ukizifunika kwa tepu moja moja utakuta ukingo mbaya pembeni ya kila freti. Puliza juu yake, zikishakauka unakuja kuzisafisha moja moja: shika wembe au kisu butu kidogo, funga tepu pande zote mbili ubakize upana wa freti tu katikati, kwangua laka kutoka juu ya chuma kwenda pembeni, bila kugusa mbao. Inatoka utepe mwembamba wa njano. Inachosha, lakini ukitazama kwa karibu utaona ule mstari mdogo wa laka umebaki umekumbatia mguu wa freti, na huo ndo unaotofautisha kazi ya kweli na ya kuigiza.

Na kama ni rozwudi?

Fretibodi ya rozwudi au mpingo haipakwi laka. Funika kwa tepu uso wote mpaka ukingoni, paka mgongo na kichwa. Kabla ya kuvua tepu pitisha ncha ya wembe kwenye mpaka ili laka isivutwe pamoja na tepu, afu vuta taratibu kuelekea kwenye fretibodi.

Kwa taarifa tu, Fender walipoleta rozwudi mwishoni mwa miaka ya 50 moja ya sababu ni hiyo hiyo tunayoitafuta leo, mepo ikishaisha laka ilikuwa inaonekana chafu. Wao walikimbia uchafu, sisi tunalipia.

Nisubiri muda gani kabla ya kusugua na kufunga?

Wiki tatu mpaka nne. Najua. Ila nitro ikikauka juu bado ndani ni laini, ukiipiga msasa mapema itasinyaa baadaye na kuonyesha mistari. Tumia pua, ukisogeza shingo karibu na bado inanuka thina, bado.

Ukishafika, sawazisha kwa msasa 800 afu 1000, 1500, 2000. Watu wengi wanalowesha msasa kwa maji, kwenye shingo sikushauri manake maji yakiingia kwenye matundu ya skrubu au chini ya freti mbao inavimba na laka inapasuka pale pale, tumia nafta mbali kabisa na moto.

Glosi au sateni?

Kichwa glosi, yaani ya kung'aa, mgongo wa shingo sateni, yaani iliyofifia. Hiyo ni kwa mkono sio kwa macho tu, glosi mpya inanata mkono ukitoka jasho, na shingo za zamani mgongo wake umeshafutwa na viganja ndo maana unateleza. Ukishamaliza kung'arisha chukua stilwulu (pamba ya chuma) laini kabisa ya 0000, sugua mgongo kwa urefu kutoka nati mpaka karibu na kisigino. Shingo iwe nje ya bodi wakati huo, ule unga wa chuma unarukia sumaku za pikapu (vinasa sauti vya gitaa) na kuutoa huko ni mateso.

Na kama ulikuja hapa kwa sababu mgongo unanata tu, hujali rangi, basi ni hilo la stilwulu peke yake, dakika kumi, funga gitaa upige.

Uchakavu naufanyaje uonekane wa kweli?

Tazama kwanza mkono wako unapita wapi. Kwenye fretibodi ya mepo laka inaisha katikati ya freti na freti, sio juu kabisa ya mstari wa freti, inaisha kwa mabaka ya mviringo chini ya nyuzi, zaidi freti ya kwanza mpaka ya tatu pale zinapopigwa kodi (chords) za chini, na upande wa nyuzi nyembamba pale watu wanapovuta nyuzi. Mgongoni ni kidole gumba, kutoka freti ya kwanza mpaka kama ya tano, upande wa nyuzi nene zaidi. Fretibodi iliyochakaa sawasawa kila freti kuanzia mwanzo mpaka mwisho hakuna binadamu aliyeipiga.

Ondoa laka kwa msasa 600 uliozungushiwa kidole, ukingo wa baka ufifie taratibu. Mbao ikishatokea, uweke uchafu: rangi ya kupaka vitu vya ngozi, ya kahawia na nyeusi, iliyozimuliwa sana, au unga wa penseli, paka kidogo afu futa karibu yote. Ibaki kijivu ya kwenye vinyweleo vya mbao, isiwe kahawia ya chai. Juu yake mkono mwembamba mmoja wa laka ya sateni au mafuta kidogo, kuziba. Mepo tupu kabisa isiyo na kitu inakunywa unyevu na shingo inaweza kupinda.

Lainisha na kingo za fretibodi, kona ile kali, kwa msasa laini umelala. Hicho kitu kidogo kinabadilisha hisia ya gitaa kuliko rangi yote.

Custom Shop ya Fender, karakana yao ya magitaa maalum, walianza kuuza magitaa yaliyozeeshwa mwaka 1995, na hata wao wana ngazi tofauti. Chagua ngazi ya chini. Stratocaster ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, ilikuwa imechubuka karibu yote lakini yule jamaa aliishi nayo jukwaani miaka na miaka, uchakavu wake una mantiki, kila baka lina sababu.

Funguo na skrubu zinang'aa mno, zinaharibu picha.

Nikeli inazeeka, kromu karibu haizeeki, kwahiyo ukinunua funguo chukua za nikeli. Skrubu na vibati ziweke kwenye chombo chenye mfuniko juu ya siki (zisiguse, ni mvuke tu), ziache usiku mmoja, suuza na maji yenye magadi ya kuokea, kausha. Funguo zenye gia za ndani usiziweke humo, gia zitashika kutu.

Wakati wa kurudisha, laka itakuwa imebana matundu ya funguo. Safisha kwanza kwa tupa ya mviringo, ukizisukuma kwa nguvu laka ya kichwani itapasuka kuzunguka kila tundu.

Stika ya kichwani je?

Kama ipo chini ya finishi na unataka ibaki, usipige msasa uso wa kichwa kabisa, ukwaruze kwa mkono mwepesi tu. Kama inakaa juu, puliza mikono ya ukungu mwembamba kwanza, ya kulowesha inaweza kuikunja. Kuweka stika ya kampuni kubwa kwenye gitaa lako la nyumbani ni mambo yako, kuliuza hivyo kama halisi ni utapeli.

Kuna hatari gani?

Nitro inawaka vibaya sana. Pulizia nje au sehemu yenye hewa inayopita, pasiwe na jiko, sigara, hita wala cheche. Maski ya vumbi haizuii mvuke, unahitaji ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Na kama umetumia mafuta, vile vitambaa usivikunje ukatupa kwenye pipa, vinajipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka, vitandaze nje vikauke au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji.

Sauti itabadilika?

Watu watabishana mpaka kesho. Kwa gitaa la umeme, laka nyembamba mgongoni mwa shingo sijasikia ikibadilisha kitu ambacho nyuzi mpya hazikibadilishi zaidi.

Baada ya kumaliza kuna kitu cha kuangalia?

Stendi. Raba na povu la stendi nyingi linakula nitro, unaacha gitaa usiku asubuhi unakuta alama mbili zimeyeyuka shingoni. Vika kitambaa cha pamba pale inapogusa, au lilaze kwenye kesi, na miezi ya kwanza usilifungie kwa muda mrefu manake laka bado inapumua. Ukifunga shingo kwenye bodi paka sabuni kavu kidogo kwenye skrubu nne, kaza kwa kupokezana kona kwa kona, weka nyuzi, acha siku nzima ndo urudi kurekebisha tras rodi.